Waya Ulioungwa Mara Tatu

Chaja ya kompyuta mpakato ninayoandikia makala haya ina uvimbe kwenye waya wake, kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye kile kichwa kinachochomekwa kwenye mashine. Uvimbe wenyewe una urefu wa kidole cha shahada, umevikwa mpira mweusi, na kila ncha yake imefungwa kwa uzi wa kijani wa kushonea nyavu. Wanafunzi wangu wa masomo ya jioni huuchokonoa kwa kalamu na kuuliza ni kitu gani. Hapo ndipo waya ulipokatika, nikauunga mwenyewe. Ukakatika tena, nikauunga tena. Na mara ya tatu ukaungwa mbele ya macho yangu na mzee mmoja fundi wa redio, ambaye bila kunisema wala kunicheka alinionyesha kwamba mara zile mbili za kwanza nilikuwa ninaahirisha tu.

Nakaa Ngamiani, Tanga, na riziki yangu ni kutafsiri hati na kufundisha watoto wa jirani baada ya alasiri. Kompyuta ikizimika, na mkate umezimika. Chaja mpya inayofanana na yangu niliambiwa ni shilingi 60,000, na ile ya bei nafuu iliyokuwa imewekwa kando yake ilikuwa nyepesi mno mkononi, wepesi ambao kwa chaja si sifa. Nikarudi nyumbani na waya wangu mgonjwa. Dalili zake zilikuwa zile zile ambazo kila mwenye chaja ya zamani anazijua: kitaa kinawaka ukiupindisha waya hivi, kinazimika ukiuachia, halafu unagundua pembe moja tu inayofaa, unaulaza waya kwenye pembe hiyo na kuuwekea kitu kizito juu yake ili usisogee. Kwa wiki mbili kamusi yangu kubwa ilifanya kazi hiyo, na kila nilipotaka kutafuta neno ilinibidi nichague kati ya neno na umeme.

Siku waya ulipokataa kabisa, niliukata kwa wembe pale pale ulipokuwa ukijikunja kila siku kwenye ukingo wa meza. Ndani ya ganda jeusi kulikuwa na msuko wa nyuzi nyembamba za shaba, umezunguka kama soksi. Ndani ya soksi hiyo mlikuwa na waya mweupe wa unene wa njiti ya kiberiti. Na kando ya mweupe ulilala waya mwingine wa buluu, mwembamba sana. Nilijua kwamba mweupe ndio uliobeba chanya na msuko ndio hasi. Ule wa buluu niliudhania ni uzi wa kuimarisha tu, kama utepe unaowekwa kwenye mshono wa begi, nikaukata na kuuacha. Nikasokota mweupe kwa mweupe, msuko kwa msuko, nikazungushia tepu nyeusi, nikachomeka. Kompyuta ikawaka. Nikajisifu, nikamwambia na mke wangu.

Jioni hiyo nikaona betri haipandi. Mashine ilikuwa inapata umeme na inafanya kazi, lakini kwenye kona ya kioo iliandika kwamba imechomekwa na haichaji. Kwa wiki nzima nikailaumu betri, na nusura ninunue nyingine. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba katika chaja za kompyuta za aina kadhaa ule waya mwembamba wa tatu haubebi umeme wa kuendeshea mashine hata kidogo, unabeba taarifa. Kupitia waya huo kompyuta huitambua chaja na kujua ina uwezo wa wati ngapi, na isipopata jibu hukubali kuendeshwa lakini hukataa kuchaji betri, na nyingine hupunguza hata mwendo wake kwa tahadhari. Chaja nyingi zina nyaya mbili tu, kwa hiyo mtu anaweza kuunga kumi bila kukutana na jambo hili. Lakini anayekata kebo na kukuta waya asioujua kazi yake, bora aamini kwamba kiwandani hawakupoteza shaba yao bure.

Kosa la pili katika uungaji ule lilikuwa tepu na kusokota, na hili lina maelezo yake. Chaja yangu hutoa volti 19.5 na ampea 3.33, yaani wati 65. Nyuzi za shaba zilizosokotwa kwa vidole hugusana kwenye vijisehemu vichache tu, na kati ya vijisehemu hivyo hewa hupita. Umeme wote ukilazimika kupenya kwenye milango hiyo michache, hukutana na ukinzani, na ukinzani huzaa joto. Hesabu yake ni ampea zidisha ampea, kisha zidisha ukinzani: kama kiungo kina ukinzani wa omu 0.2 tu, joto linalozaliwa hapo ni zaidi ya wati mbili, na zinazaliwa mahali padogo palipofungwa kwa tepu pasipo pa kupumulia. Gundi ya tepu hulainika, tepu huteleza, na shaba iliyopashwa moto huchakaa upesi zaidi, ukinzani unaongezeka, joto nalo linaongezeka.

Hapa kwetu kuna na bahari. Anayeishi Tanga hahitaji kuelezwa hewa ya chumvi inafanya nini. Aangalie bawaba za madirisha yake. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu ukiingia kati ya nyuzi za shaba zilizo wazi huzigeuza kwanza rangi ya kahawia, kisha nyeusi, na mwisho huota ule ukungu wa kijani tunaouona kwenye vyombo vya kale. Nilipoufungua uungaji wangu siku ya kumi na moja, baada ya kusikia harufu ya plastiki moto, nyuzi zilizokuwa nyekundu zilikuwa zimefifia kama majani makavu ya chai, na gundi ya tepu ilikuwa imezishika kama asali iliyoganda.

Nikaamua kulehemu. Karibu na soko la Mgandini nilipata chuma cha kulehemu cha wati 40 na kibunda cha waya wa lehemu, ule ambao mafundi wengi huuita risasi. Kwenye kibunda kulikuwa na namba 60/40, na namba hizi zinastahili kuelezwa kwa sababu ndani yake mna jambo la ajabu. Maana yake ni bati sehemu 60 na risasi sehemu 40. Bati safi huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, na risasi safi kwenye 327. Lakini ukizichanganya, mchanganyiko huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya zote mbili, na kufikia 190 hivi umekwisha kuwa maji kabisa. Ukizidisha bati kidogo hadi 63 kwa 37, hugeuka kutoka ugumu hadi umajimaji kwa mkupuo mmoja, hapo hapo kwenye 183, bila kupitia hali ya uji. Ule uji wa katikati ndio unaowaponza wanaoanza, kwa sababu kiungo kikitikiswa wakati lehemu ingali uji, huganda kikiwa na nyufa ndani. Kuna pia lehemu isiyo na risasi, ya bati lenye fedha na shaba kidogo, ambayo imeenea tangu Umoja wa Ulaya ulipoizuia risasi katika vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006. Hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi na huhitaji chuma chenye moto zaidi.

Shaba yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, kwa hiyo kulehemu si kuchomelea. Mchomeleaji wa mageti huyeyusha chuma kwa chuma mpaka vikawa kitu kimoja. Mwenye kulehemu haiyeyushi shaba, huiloanisha. Bati lililoyeyuka hushikana na uso wa shaba na kufanya nao utando mwembamba wa mchanganyiko wa metali hizo mbili, na ni utando huo unaoshika. Pasipokuwa na utando, lehemu inakuwa imekaa juu ya waya kama tone la maji juu ya jani la mgomba, na hukaa hapo mpaka siku litakapodondoka.

Haya yote sikuyajua siku ile. Nilichofanya ni kile ambacho kila mtu asiyefundishwa hukifanya: niliyeyusha tone la lehemu kwenye ncha ya chuma, nikalibeba kwa uangalifu mkubwa mpaka kwenye waya, nikalipaka kama mtu anayepaka siagi. Halikushika. Nikaongeza tone lingine, na lingine, mpaka nyuzi zikazama ndani ya donge. Safari hii niliunga nyaya zote tatu, na wa buluu ukiwemo. Madonge yalikuwa ya kijivu, yenye mikunjo, mithili ya tope lililokauka, nami niliona ni sawa, kwa kuwa sikuwahi kuambiwa lehemu nzuri inang'aa. Betri ikaanza kupanda. Nilifunga tepu mpya, nikaendelea na kazi, na kwa muda wa miezi miwili hivi sikumkumbuka fundi yeyote duniani.

Kisha kitaa kikaanza tena kuwaka na kuzimika.

Mzee ninayemzungumzia ana kibanda chake chini ya mkungu, kwenye moja ya zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba, na mbele yake kuna meza iliyoungua alama nyingi hivi kwamba haijulikani mbao zake zilikuwa na rangi gani. Nilimkuta akinywa chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wako ana nini?"

Nikampa waya. Hakuuliza tena. Alitoa tepu, akayatazama madonge yangu kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda, akakamata waya kwa mikono miwili na kuupindapinda taratibu huku akiushusha kidogo kidogo kati ya vidole vyake. Akasimama mahali fulani. Akanionyesha. Hapakuwa kwenye kiungo. Palikuwa kando yake, upana wa punje ya mchele kutoka mahali donge lilipoishia, ambapo ndani ya ganda jeupe nyuzi zote zilikuwa zimekatika kwa mstari mmoja ulionyooka kana kwamba zimekatwa kwa mkasi.

"Kiungo chako kibaya," alisema, "lakini ni kizima. Kimemuua jirani yake."

Akaniuliza kama nimewahi kulima. Nikamwambia nimelima, kwa babu, Muheza. Akauliza mpini wa jembe huvunjikia wapi. Nikajibu: shingoni, pale unapoingia kwenye jembe. Akarudi kwenye chai yake, na mimi nikabaki na jibu langu mwenyewe. Waya wa chaja umetengenezwa kwa nyuzi nyingi nyembamba ili ujikunje bila kuumia, kwa maana kila uzi unajikunja kidogo tu na kuteleza kando ya mwenzake. Lehemu inapoingia kati ya nyuzi hizo, huzifanya fimbo moja. Fimbo haijikunji, kwa hiyo kujikunja kote kunahamia mahali pamoja, mpakani, pale fimbo inapoishia na nyuzi huru zinapoanzia. Shaba nayo ina tabia ya kuwa ngumu kila inapokunjwa, na ikishakuwa ngumu hupasuka. Na kwa kuwa nilikuwa nimezishikilia zile nyaya kwenye moto kwa muda mrefu nikingojea donge lishike, lehemu ilikuwa imepanda chini ya ganda, mbali zaidi ya nilipoona kwa macho, kama mafuta ya taa yanavyoupanda utambi. Mpaka ule ulikuwa ndani, uliojificha, pasipo na kinga yoyote, na kila jioni nilipokuwa nikikunja chaja na kuitia mkobani nilikuwa naupinda papo hapo.

Nilimwomba anifundishe. Akasema hafundishi, ila kama nina nafasi nikae nimshikie tochi.

Kwanza alikata. Alitupa kiungo changu chote na kuendelea kukata kila upande, kipande kwa kipande, akichuna ganda na kutazama rangi, mpaka akafikia shaba inayong'aa kama dele la kahawa lililosuguliwa kwa ndimu. Waya ulipungua urefu wa kama kiganja. Kwenye msuko palipokuwa na weusi kidogo alisugua kwa msasa uliokunjwa, kwa upole, kwa sababu nyuzi zile hukatika kirahisi. Kisha akachukua sindano ya kushonea magunia na kuufumua msuko uzi kwa uzi, akauweka kando, akausokota ukawa mkia mmoja. Kazi hii ndiyo iliyochukua muda kuliko zote. Kulehemu kwenyewe, ukijumlisha viungo vyote vitatu, hakukufika dakika tano.

Jambo ambalo nisingeliwaza peke yangu ni kwamba hakuzikata nyaya tatu kwa urefu sawa. Upande mmoja aliuacha mweupe mrefu, wa buluu wa kadiri na msuko mfupi; upande wa pili akafanya kinyume chake. Hivyo viungo vitatu vikakaa kwa kupishana, kama watu wanaopanda ngazi, na hata kama mpira wa mmoja ungetoboka usingemkuta mwenzake uchi mkabala naye. Katika uungaji wangu wa pili madonge matatu yalikuwa yamepangana bega kwa bega, yametengwa kwa tepu tu. Chanya na hasi zikigusana hapo, chaja nzuri hujizima yenyewe. Isiyo nzuri huungua.

Kabla ya kuunga alivisha mirija. Ni mirija ya mpira mwembamba inayosinyaa ikipashwa moto, na kila aliyewahi kuitumia amewahi kuisahau, akamaliza kulehemu kiungo kizuri, ndipo akauona mrija umekaa mezani ukimtazama. Mzee alivisha midogo mitatu kwenye nyaya za ndani na mmoja mkubwa kwenye kebo nzima, akaisukuma mbali na moto, akasema, "Kanzu huvaliwa kabla ya harusi."

Namna yake ya kusokota ilikuwa tofauti na yangu. Mimi nilizilaza nyuzi mbili upande mmoja na kuzipindisha pamoja kama mkia wa nguruwe. Yeye alizipitanisha, hii ikienda kule na ile ikija huku, kisha akaizungusha kila moja kwenye shingo ya mwenzake, mizunguko minne au mitano iliyobanana. Ukivuta, zinazidi kubanana. Uungaji huu ni wa zamani kuliko redio. Mafundi wa telegrafu wa Marekani waliutumia kwenye nyaya za nguzoni katika karne ya 19, na hadi leo unaitwa kwa jina la kampuni ya Western Union. Faida yake ni kwamba kiungo kinashika kwa nguvu zake chenyewe kabla lehemu haijaguswa. Lehemu ni laini, haifai kutegemewa kubeba mvuto. Kazi yake ni kuziba nafasi, kufukuza hewa na kuupitisha umeme.

Kisha akafungua kopo dogo lenye kitu cha rangi ya kaharabu, kigumu, chenye kung'aa. Yeye hukiita sandarusi, na wazee wa pwani watamwelewa, ingawa sandarusi ya kweli ni ile ya mti wa msandarusi, iliyokuwa ikichimbwa ardhini huku Mrima na kupelekwa ng'ambo kupitia Unguja katika karne ya 19 ili itengenezewe vanishi. Hiki cha koponi ni utomvu wa misonobari uliochemshwa mpaka mafuta yake ya tapentaini yakatoka. Sikumsahihisha. Kikiwa baridi hakina madhara kwa waya, lakini kikiyeyuka asidi iliyomo huamka na kuondoa ule utando wa kutu kwenye shaba, na bila kuondolewa utando huo lehemu haiwezi kushika. Waya wa lehemu tunaonunua una kiasi cha utomvu huo katikati yake, na ndiyo maana unatoa moshi. Hapo nikaelewa kosa langu la kubeba tone: utomvu ulikuwa ukiungulia kwenye ncha ya chuma, njiani, na tone lilipofika kwenye waya lilikuwa limeshakosa kile kilichopaswa kuisafisha shaba.

Aliomba chuma changu, akakitazama, akanirudishia. Ncha ilikuwa nyeusi na imechongoka vibaya, kwa kuwa niliipiga tupa nikidhani naisafisha. Ncha hizi ni shaba iliyovikwa ngozi nyembamba ya chuma. Ukiipiga tupa unaivua ngozi, na shaba ya ndani huyeyukia kwenye bati kidogo kidogo mpaka ncha inakuwa shimo. Alitumia chake. Aliifuta ncha kwenye kitambaa kilicholoa, ikatoa sauti ya chapati inayowekwa kwenye kikaango, akaigusisha lehemu kidogo ikang'aa.

Na sasa kulehemu kwenyewe. Aliubana waya kwa koleo dogo la mdomo mrefu, kati ya kiungo na mahali ganda linapoanzia. Nilidhani anaushikilia tu usitikisike. Kumbe koleo lilikuwa linakunywa joto, ili joto lisipande chini ya ganda likaivuta lehemu nyuma yake. Akaweka ncha ya chuma chini ya kiungo, na waya wa lehemu akauweka juu yake, upande usioguswa na chuma. Hakuna kilichotokea kwa pumzi moja. Halafu lehemu ikayeyuka yenyewe, kwa joto la shaba, ikatoweka ndani ya mizunguko kama maji kwenye mchanga, na juu yake ukabaki mng'ao ambao chini yake umbo la kila uzi lilikuwa bado linaonekana. Akaondoa lehemu, akaondoa chuma, wala hakusogeza mkono mpaka mng'ao ulipotulia. Nilihesabu: sekunde tatu. Mimi nilikuwa nimetumia dakika nzima kwa kila donge.

Alipomaliza vitatu alizungusha mita yake ya kupimia umeme hadi pale inapolia umeme ukipata njia, akagusa huku na kule: mweupe ukalia, wa buluu ukalia, msuko ukalia. Kisha akagusa mweupe na msuko kwa pamoja na kusikiliza ukimya, na hapo alikaa zaidi, akiupindapinda waya ili ahakikishe ukimya haubadiliki. Akavuta mirija midogo, akaipitishia moto wa kibiriti cha gesi kwa mbali, ikasinyaa na kushika. Akaufunika mrija mkubwa juu ya yote.

Wakati huo alifika dada mmoja na waya wa pasi uliokatika karibu na pasi yenyewe, akataka uungwe vivyo hivyo, kwa kuwa ameona kazi inavyokwenda. Mzee akakataa. Dada akabisha kwamba waya ni waya. Naye akamwambia, "Huu wa kijana hauwezi kumuua. Wako utakuua, dada yangu, au utaichoma nyumba. Nenda kanunue waya mzima, uje nikufungie bure." Pasi ya wati 1,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta zaidi ya ampea 4, tena waya wake hutikiswa na kupindwa kila unaponyoosha nguo, na huwa karibu na maji. Aliongeza jambo ambalo nimeliona likifanywa vibaya majumba mengi: ncha za waya zinazofungwa kwa skrubu ndani ya plagi zisipakwe lehemu. Lehemu hulegea polepole chini ya mgandamizo wa skrubu, na baada ya miezi kadhaa skrubu iliyokazwa vizuri inakuwa imeshikilia hewa. Dada aliondoka akinung'unika, lakini aliondoka kuelekea dukani.

Baada ya hapo ndipo kilipokuja kile kilichokosekana katika majaribio yangu yote mawili. Alitoa kibunda cha uzi wa nyavu, akaanza kuzungusha kwenye ncha ya mrija, mizunguko iliyobanana kabisa. Akatoka nje ya mrija akiingia kwenye waya mzima, na hapo akaanza kuiachanisha, kwanza kidogo, kisha zaidi, mpaka mzunguko wa mwisho ukawa peke yake mbali na wenzake. Akafanya hivyo na upande wa pili. Nilipoupinda waya nikahisi tofauti kwa vidole. Hapakuwa tena na mahali pamoja ambapo ugumu uliishia ghafla; ugumu ulififia, na waya ukajikunja kwa upinde mpana kama fito ya mshipi inapovutwa na samaki.

Nililipa shilingi 5,000. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kurudia chai yake, akanitaka nami ninawe kwa sababu nilishika waya wa lehemu, na risasi huingia mwilini kwa mikono na chakula zaidi kuliko kwa moshi. Moshi ule ni wa utomvu, nao una lawama yake kwa wenye pumu. Ndiyo sababu kibanda chake hakina ukuta upande wa baharini.

Nilikuwa nimeshakunja chaja, nimeshaitia mkobani, aliponiita nirudi. Akaitoa mwenyewe, akaupitisha waya wote kati ya vidole, kutoka kwenye uvimbe mpya mpaka upande wa pili, kwenye shingo ya lile boksi jeusi ambalo sikuwahi kulitazama. Akapinda mara moja. Ganda lilikuwa limeshaanza kuweka mstari mweupe.

"Na huku kumeanza," alisema.

Akanikatia kipande cha uzi wa kijani, urefu wa mkono, akanisogezea kigoda.